Uzi: Fanicha za kuunga mwenyewe, jinsi ya kuitambua nzima na kimeo kabla hujatoa hela

Mpangaji Mpya (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Miezi minne iliyopita nilihamia nyumba mpya nikiwa na godoro, masanduku mawili na redio. Vingine vyote nimevinunua vikiwa vimelazwa ndani ya boksi: kabati la nguo, meza ya kazi, rafu ya vitabu, kitanda na kabati la droo. Ni zile fanicha unazopewa vipande, kifuko cha skrubu na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja, kisha unaachwa na Mungu wako.

Katika vitano hivyo, viwili ni vimeo, kimoja kinachechemea, viwili vimesimama imara hadi leo. Kinachoniuma ni kwamba bei zake hazikupishana kwa kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Nilitazama pale muuzaji alipotaka nitazame, yaani usoni: rangi, mng'ao, vishikio. Kumbe fanicha za aina hii husomwa mgongoni, kwenye kingo na kwenye matundu. Nimejifunza kwa kufungua na kufunga upya kila kitu hadi jirani wa chini akaja kuuliza kama nafungua karakana.

Naweka hapa niliyoyaona. Mafundi waliomo humu wanisahihishe.

Tuanze na neno "mbao". Kwenye maelezo ya bidhaa neno hilo halikuambii chochote. Nyuma yake kuna chipubodi, yaani chembe za mbao zilizochanganywa na gundi na kukandamizwa kwa joto. Hiyo ndiyo iliyomo katika fanicha nyingi za bei nafuu. Kuna MDF, ambayo ni nyuzi za mbao zilizosagwa laini kiasi kwamba ukiikata huoni punje. Kuna plaiwudi, maganda membamba ya mti yaliyobandikwa moja juu ya jingine, nyuzi za kila tabaka zikikatana na za jirani yake. Halafu kuna jamaa ambaye sikumjua kabisa: ubao mnene, unene wa vidole viwili, kumbe ndani ni karatasi ngumu zilizopangwa kama masega ya nyuki, juu na chini ngozi nyembamba tu.

Huyo wa masega si tapeli. Kwa meza ndogo ya pembeni anatosha kabisa na unambeba kwa mkono mmoja. Shida huanza ukitaka kufunga skrubu katikati yake, maana unafunga hewa. Nilifunga kishikio cha taa kwenye meza yangu ya kazi, kikakaa siku mbili, siku ya tatu kikaanguka na ngozi ya meza.

Namna ya kumjua ni kugonga kwa kifundo cha kidole ukitoka ukingoni kuelekea katikati. Sauti ikibadilika njiani, ukingoni kavu na katikati nene kama ya ngoma, basi ndani ni wazi.

Mpangaji Mpya

Naendelea. Kipimo kilichonifungua macho kuliko vyote ni uzito, na mara nyingi umeandikwa kwenye boksi.

Chipubodi ya kawaida ina uzito wa kilo 600 hadi 700 hivi kwa mita ya ujazo. MDF huwa 700 hadi 800. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya chipubodi yenye unene wa milimita 18 ni kama kilo 12. Ikiwa na unene wa milimita 15 ni kama kilo 10. Piga hesabu ya eneo la vipande vyote, hata kwa kukadiria, uone kama uzito wa boksi unakubali.

Mimi nilikuwa na meza mbili mbele yangu, zote sentimita 120 kwa 60, zote zimeandikwa "mbao", rangi moja. Moja kilo 26, nyingine kilo 17. Nilichukua ya kilo 17 kwa sababu naishi ghorofa ya tatu. Ndiyo hiyo ya masega.

Msomaji Kimya

Ghorofa ya tatu imekuponza mkuu 😂

Fundi Randa

Mleta uzi, umeanza vizuri, ila hapo kwenye uzito weka angalizo. Kabati lenye mlango wa kioo litakuwa zito hata kama ubao wake ni takataka, na meza yenye miguu ya chuma vilevile. Linganisha uzito wa vitu viwili vya umbo moja na vifaa vilevile. Hapo ndipo mizani inasema kweli.

Nimefanya useremala tangu nikiwa kijana na siku hizi nusu ya kazi zangu ni kuunga au kufufua hizi za boksi. Mimi kabla ya kugonga napapasa ukingo.

Uso wa chipubodi umefunikwa kwa karatasi yenye melamini, yaani gundi ya plastiki ngumu, au kwa foili tu. Ya melamini ni ngumu. Ukucha hauachi alama, na kikombe cha moto huistahimili kwa kiasi chake. Ya foili ni karatasi iliyochapwa picha ya mbao, ikikwaruzwa mara moja unaona unga. Lakini zote mbili huishia ukingoni, na pale ukingoni chipubodi iko uchi. Ndiyo maana hubandikwa ukanda. Kuna ukanda mwembamba kama milimita 0.4 na kuna wa plastiki wa milimita 2. Ule mnene ukigongwa na ufagio hauna habari. Mwembamba hubanduka kwenye kona, na ukibanduka kidogo tu watoto watamalizia kazi.

Pitisha ukucha pale ukanda unapokutana na uso. Ukikwama, gundi haikushika vizuri au mashine ilikuwa butu. Kisha piga magoti uangalie ukingo wa chini na wa nyuma, ile isiyoonekana. Wengi huacha wazi huko ili kubana gharama. Kwenye rafu ya sebuleni si hoja sana. Kwenye kitu kinachokaa sakafuni mnapopiga deki kila siku, ni hukumu ya kifo. Maji huingilia ukingoni, chembe hunywa, ubao huvimba, na chipubodi ikishavimba hairudi hata ukiianika mwaka mzima.

Kwa hiyo penda kitu chenye miguu, hata ile midogo ya plastiki ya sentimita mbili. Mtu asikwambie ni urembo.

Mpangaji Mpya

Shikamoo fundi. Kabati langu la nguo limekaa moja kwa moja sakafuni na upande wa kushoto umeanza kuwa mnene. Nilidhani macho yangu.

Fundi Randa

Marahaba. Si macho yako. Linyanyue leo, weka vipande vya plastiki au mpira chini, na ukingo wa chini upake nta au vanishi. Hautapona ila hautaendelea.

Mama Mapacha

Naombeni kuuliza, mwenzenu nimenunua kabati la watoto na chumba kizima kinanuka, macho yanawasha. Mume wangu anasema ni harufu ya upya. Ni kweli?

Mpangaji Mpya

Dada, ni ya upya kweli, ila upya wenyewe una jina. Gundi inayotumika sana kwenye chipubodi na MDF ina formaldehaidi, na kidogo kidogo huachia hewani. IARC, wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani, uliiweka kundi la 1 mwaka 2004, yaani vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Usiruke dirishani bado. Suala ni kiasi na muda.

Nchi nyingi zina viwango. Ulaya utakuta maandishi E1 kwenye ubao au boksi. Marekani kipimo cha chipubodi hakitakiwi kuzidi 0.09 katika sehemu milioni za hewa, na MDF 0.11. Kama boksi lina alama ya namna hiyo, ni afadhali kuliko lisilo na kitu. Kama halina alama na linawasha macho hata dukani, mimi nageuka.

Kwa sababu tayari liko ndani: fungua milango na droo zote, fungua madirisha, wahamishe watoto walale chumba kingine kwa wiki kadhaa. Joto na unyevu huongeza hewa hiyo kutoka, kwa hiyo usilifungie chumba chenye joto ukidhani unaliharakisha huku watoto wamo. Na kingo zilizo uchi ndizo zinazotoa zaidi, rudi kwa fundi hapo juu.

Fundi Randa

Na matundu ambayo hayakutumika, yale ya kupandishia rafu, yazibe kwa vile vifuniko vya plastiki wanavyotupa watu. Vina kazi.

Nyundo Tatu

Mimi nawashangaa. Hela hiyo hiyo mpe seremala akuchongee mbao ya mti, imalize karne. Hizi za boksi ni kununua karatasi.

Mpangaji Mpya

Mkuu, nilijua utakuja. Kwanza hela si hiyo hiyo. Pili, mbao ya mti iliyokatwa juzi na kutumika leo kabla haijakauka hupinda hadi mlango ukagoma kufunga. Hilo nimeliona kwa macho. Ubao wa kiwandani ubaya wake ni mwingi lakini kupinda kwa kukauka si mojawapo.

Halafu tusidanganyane kwamba kufungasha vipande ni ujanja wa juzi. Kiti namba 14 cha Thonet, watengenezaji fanicha wa Austria, kile cha mbao zilizopindwa kwa mvuke, kilianza mwaka 1859 na kilisafirishwa kikiwa vipande. Viti 36 viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Vipo hadi leo kwenye majumba ya makumbusho na watu bado wanavikalia. Hawa IKEA, kampuni ya fanicha za boksi iliyoanzia Sweden, nao husimulia kwamba mwaka 1956 mfanyakazi wao Gillis Lundgren aling'oa miguu ya meza ili iingie kwenye gari, wazo likakua kutoka hapo. Kutenganisha vipande hakujawahi kuwa kosa. Uliza kipande chenyewe ni cha nini na kinashikwa na nini.

Nyundo Tatu

Sawa, kinashikwa na nini?

Fundi Randa

Hilo niachieni.

Fungua kifuko cha vyuma kabla hujatazama kitu kingine. Utakuta vijiti vya mbao, mara nyingi vya milimita 8. Utakuta vile viduara vya chuma vyenye mdomo, kipenyo milimita 15, unavizungusha nusu duara vinameza kichwa cha bolti nyembamba. Na ukiwa na bahati utakuta skrubu nene butu za milimita 7 kwa 50, zinazofungwa kwa ufunguo wa L.

Kijiti ndicho kinachobeba uzito. Kiduara kinavuta tu vipande vikutane. Sasa ukiona kona ya kabati zito ina kiduara kimoja na haina kijiti, ujue kiduara kinafanya kazi mbili, na kwenye chipubodi hakifiki mbali, kinakula tundu lake hadi linakuwa pana. Ile skrubu nene ndiyo rafiki yangu kwa sababu meno yake ni mapana na yamekusudiwa ubao wa chembe. Skrubu za kawaida za mbao, zile nyembamba zilizochongoka, zikiwa ndizo zinashika kiungo kikuu, hapo umeuziwa matumaini.

Jambo jingine. Chipubodi nzuri haiko sawa kwa ndani: uso ni chembe laini zilizobanana, katikati ni chembe kubwa zilizoachana. Kwa hiyo skrubu iliyoingia usoni hushika kuliko iliyoingia ukingoni. Angalia ndani ya tundu lililotobolewa kiwandani. Kama kuta zake zimemeguka na kidole kinatoka na unga, ubao huo ni mwepesi wa gundi. Kama tundu ni safi kama limechomwa kwa sindano, shukuru.

Na tafadhali, msitumie mashine ya umeme kukazia. Wateja wangu nusu wameviua vitu vizima kwa mashine. Kaza kwa mkono hadi usikie imegoma, simama hapo. Ubao wa chembe haukupi onyo. Ukipitiliza robo duara umeshasaga meno yote.

Bisibisi

Fundi umeshusha nondo. Na droo je? Mimi zangu zinatoka na uso unabaki mkononi.

Fundi Randa

Uso wa droo ukibaki mkononi ni kwa sababu sanduku la droo limeshikwa na uso kwa skrubu mbili fupi. Paka gundi ya mbao, ongeza vipande vya pembe tatu ndani, utasahau.

Ukinunua nyingine, itoe droo nje kabisa uigeuze. Sakafu ya droo ndiyo inayosema. Ikiwa ni hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuzi zilizokandamizwa, ya milimita 3, iliyochomekwa kwenye mfereji pande zote nne, inavumilia nguo. Ikiwa imegongwa misumari kwa chini tu, siku moja itakuachia soksi zote sakafuni. Ibonyeze katikati kwa dole gumba. Ikibonyea kama ngozi ya ngoma, weka vitu vyepesi.

Reli kuna za kuteleza kwa gurudumu dogo la plastiki na kuna za gololi. Za gurudumu si mbaya kwa droo ndogo. Kwa droo pana ya nguo nzito chagua gololi. Ivute nje hadi mwisho, ishike kwa mbele, itikise kushoto na kulia. Mchezo kidogo ni sawa, ikilegea kama jino bovu iache.

Mama Mapacha

Kabati langu ni la droo nne. Mmoja wa watoto ameanza kupanda droo kama ngazi 🙈

Mpangaji Mpya

Dada, acha kusoma uzi huu, kalifunge ukutani sasa hivi. Sisemi utani.

Mwaka 2016 IKEA iliyaita sokoni makabati ya droo yapatayo milioni 29 nchini Marekani kwa sababu yaliweza kuwaangukia watoto yasipofungwa ukutani, na watoto walikuwa wamekufa. Baadaye ikaja sheria huko, ilitiwa saini Desemba 2022, na tangu Septemba 2023 makabati ya namna hiyo hupimwa kwa droo zilizofunguliwa na kwa nguvu inayoiga mtoto wa hadi kilo 27 anayening'inia. Si kwamba kampuni moja ilikuwa na laana. Kabati lolote jepesi, refu, lenye droo zilizojaa na zote zimefunguliwa, kitovu chake cha uzito kinahamia mbele ya miguu. Ni fizikia tu.

Kwa hiyo kwenye orodha ya kukagua ubora, mimi naweka na hili: je, kwenye kifuko kuna kile kibanio cha kufungia ukutani? Mtengenezaji asiyekiweka ameshaniambia anavyofikiri. Vitu vizito weka droo za chini.

Mama Mapacha

Tumelifunga. Mume wangu ametoboa ukuta mara nne lakini limefungwa.

Mpangaji Mpya

Safi sana. Msalimie shemeji.

Sasa rafu ya vitabu, hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo kwa sababu watu wengi hulaumu ubao wakati kosa ni la urefu.

Vitabu ni vizito kuliko vinavyoonekana. Mita moja ya vitabu vilivyobanana hufika kilo 20 hadi 30 kirahisi. Rafu inavyopinda haifuati hesabu ya kawaida. Ukiwa na mzigo uleule kwa kila sentimita, kupinda huongezeka kwa urefu kuzidishwa kwa wenyewe mara nne, na hupungua kwa unene kuzidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kwa lugha ya nyumbani: rafu ya sentimita 80 hupinda zaidi ya mara tatu ya rafu ya sentimita 60 ya ubao uleule. Ukitoka unene wa milimita 15 kwenda 18, milimita tatu tu, unapata ugumu wa zaidi ya mara moja na nusu.

Ukielewa hilo, kazi ya kuchagua inakuwa nyepesi. Kati ya rafu pana nzuri ya sentimita 100 ya ubao wa 15 na ile nyembamba ya sentimita 60 ya ubao wa 18, ya pili itabaki imenyooka. Unataka upana? Nunua nyembamba mbili uziweke bega kwa bega. Pia chipubodi huendelea kupinda taratibu chini ya mzigo wa kudumu, hata kama siku ya kwanza ilikaa sawa, kwa hiyo usiipime kwa wiki moja. Mara mojamoja igeuze rafu juu chini.

Rafu yangu ndiyo mojawapo ya vile viwili vilivyosimama. Sikuichagua kwa akili, niliichagua kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba.

Bisibisi

Mkuu na ile karatasi ya mgongoni? Mimi sikuifunga, niliona ni urembo, nikatumia kuzibia dirisha.

Fundi Randa

Hahaha. Kijana, uliuza uti wa mgongo.

Kabati bila mgongo ni mraba wenye viungo vinne, nao mraba wenye viungo ukisukumwa bega unalala. Ile hadibodi ya nyuma ndiyo inayozuia. Kama ni ya kuchomeka kwenye mfereji, vizuri. Kama ni ya misumari, pima kwanza kona kwa kona, kushoto juu hadi kulia chini, na kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, kabati limenyooka, gongea misumari kila baada ya sentimita kumi hivi. Visipolingana, sukuma hadi vilingane ndipo ugongee. Ukigongea kabati limepinda, limepinda maisha, na milango haitafunga hata uzungushe skrubu za bawaba hadi zilie.

Mgongo wa vipande viwili vilivyokunjwa kwa utepe wa karatasi katikati ni dhaifu kuliko kipande kimoja, ila boksi lazima liwe dogo, nawaelewa.

Bisibisi

Sasa naelewa kwa nini linayumba nikifungua mlango. Naenda kutoa dirishani.

Msomaji Kimya

Mimi nanunua mtandaoni, siwezi kugonga wala kupapasa. Nifanyeje?

Mpangaji Mpya

Hapo unasoma. Muuzaji mwenye kitu cha maana hutaja unene wa ubao kwa milimita, aina ya ubao, uzito wa boksi, na kila rafu inabeba kilo ngapi. Anayeandika "mbao imara ya kisasa" na kumalizia na picha ya maua juu ya meza anakuficha kitu. Kuwa makini na maneno "rangi ya mwaloni", "muonekano wa mti". Hiyo ni picha iliyochapwa. Ukuze picha uangalie mchirizi: kama kijicho kilekile cha mti kinajirudia kwenye milango miwili, ni karatasi. Si dhambi, mradi bei nayo iwe ya karatasi.

Pakua karatasi ya maelekezo ya kuunga kama ipo. Ndiyo picha pekee ya ukweli katika tangazo zima. Inakuonyesha vijiti vingapi, bawaba ngapi kwa mlango (mlango wa mita mbili wenye bawaba mbili tu usiuguse, nataka nne), mgongo umeshikwa vipi, kibanio cha ukutani kipo au hakipo. Mimi sasa hivi siangalii tena picha za sebule, naenda kwenye karatasi hiyo moja kwa moja.

Maoni ya wanunuzi: ruka yale ya "kimefika haraka, kizuri sana". Huyo hajakaa nacho. Tafuta aliyerudi baada ya miezi, na tafuta malalamiko yanayofanana. Mmoja akisema tundu halikukaa mahali pake, bahati mbaya. Sita wakisema tundu lilelile, mashine ya kiwanda imekosea.

Na urefu. Urefu! Nisiwafiche aibu yangu. Kabati la nguo liliandikwa kimo sentimita 236, kina 60. Dari yangu 240. Nikasema linaingia, linabaki na nne. Nikaliunga likiwa limelala, saa tano za usiku, jasho linatiririka, nikamwita jirani tulisimamishe. Likagota dari likiwa bado limeinama. Tukasukuma, tukashusha, tukazunguka, kabati limeegama kama mlevi. Jirani akaniuliza kwa upole kama nilisoma shule.

Kumbe linaposimamishwa, kinachopita darini ni kona hadi kona, si kimo. 236 mara yenyewe, jumlisha 60 mara yenyewe, tafuta kipeuo cha pili: 243.5. Nilipungukiwa sentimita tatu na nusu. Ilibidi nilifungue lote na kuliunga likiwa limesimama, na matundu yaliyofungwa mara mbili hayakushika tena kama mwanzo. Ndilo lile linalochechemea.

Nyundo Tatu

Hii ya kipeuo cha pili nimecheka hadi nimeamsha watu. Mkuu uko vizuri.

Msomaji Kimya

Na kitanda? Changu kinalia kila nikigeuka.

Fundi Randa

Kitanda chochote cha boksi kitalia kikilegea, chuma kwa chuma au mbao kwa mbao. Kaza bolti zote baada ya wiki mbili, halafu kila baada ya miezi kadhaa. Weka kipande cha kitambaa au nta ya mshumaa pale chaga zinapokalia.

Ukinunua, angalia kama kuna boriti ya katikati yenye mguu wake unaofika sakafuni. Kitanda cha watu wawili kisicho na mguu wa katikati sikifungi hata kwa kulipwa. Hesabu chaga na upime mapengo: kiganja kisipite, kwa godoro la sponji zaidi ya sentimita saba hivi linaanza kuzama. Na pale mbao za ubavuni zinapoungana na kichwa cha kitanda, nataka bolti na nati yake ya chuma iliyozama ndani ya mbao. Skrubu tu pale, hapana.

Mpangaji Mpya

Fundi, swali la mwisho. Haya matundu yangu yaliyokwisha meno, kuna dawa?

Fundi Randa

Ipo. Kata njiti za kiberiti vichwa, zipake gundi nyeupe ya mbao, zijaze tundu hadi zibanane, subiri ikauke usiku kucha, kata zilizochomoza, funga skrubu upya kwa mkono. Unapoirudisha skrubu kwenye tundu la zamani, zungusha kwanza kinyumenyume hadi uisikie inadondoka kwenye mfereji wake, ndipo ukaze. Usipofanya hivyo unachonga meno mapya juu ya yale ya zamani.

Vijiti vya mbao ukivitia gundi kabati litakuwa gumu mara mbili, lakini hulifungui tena. Kama unajua utahama, acha.

Mpangaji Mpya

Mkataba wa nyumba ni mwaka mmoja. Naacha gundi, nachukua njiti. Nikimaliza upande wa kushoto naleta picha.

Bisibisi

Nimerudisha mgongo wa kabati. Halitikisiki. Sasa dirisha ndiyo liko wazi.